Baba Mpya, Fimbo Iache Kwanza

Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Mark Flinn alianza kukusanya mate ya watoto wa Bwa Mawego, kijiji cha kisiwa cha Dominica katika Karibi. Ndani yake alipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi unapokabiliwa na msukosuko. Kwa wastani, watoto walioishi na baba wa kambo walikuwa nayo nyingi kuliko wenzao waliokaa na wazazi wote wawili. Ugomvi ulipozuka nyumbani, ilipanda zaidi. Homoni hiyo ikikaa juu muda mrefu, kinga ya mwili hudhoofika.

Tusikimbilie kumtwisha baba wa kambo lawama zote. Mavis Hetherington wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyefuatilia kwa miaka mingi familia zilizopitia talaka na ndoa za pili, aliona kwamba watoto wengi hutulia. Kinachowakwaza wengi ni haraka. Mwanamume anayeingia na amri hukataliwa. Anayemuunga mkono mama, akamzoea mtoto taratibu, hukubalika. Na mtoto anayebalehe humpa baba huyo kazi kubwa kuliko mdogo wake wa chekechea.

Kwa hiyo binti akirudi saa mbili usiku, mama ndiye amuulize alikuwa wapi. Mume asijifanye haoni, lakini aishie kusema, "Mama yako alisema saa kumi na mbili." Adhabu si yake, walau miaka ya mwanzo. Nayo ni miaka kweli: mwanasaikolojia Patricia Papernow anasema hata familia zinazokwenda mbio huchukua minne hivi kushikamana.

Wala mtoto asilazimishwe kumwita "baba". "Anko" inatosha. Baba yake yupo, na kumpa mwingine jina hilo anaona kama kumsaliti. Hatalisema hilo, utamwona tu amenuna Jumapili jioni akitoka kwa baba yake. Mashangazi nao wapunguze kumhoji kama kwa mama yake anashiba.

Mzazi, tenga muda wa kukaa na mwanao peke yenu, hata kama ni kwenda naye sokoni. Kama ndoa i njiani, mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani, na ukiweza usimhamishe shule mwaka huohuo.