Sukari guru: Mzani wapanda, bei yashuka

Sukari guru iliyonunuliwa kiangazi ikingojewa bei ya masika inaweza kumwachia mfanyabiashara wa Kilosa au Mikumi gunia lenye uzito zaidi na thamani pungufu.

Sababu ni unyevu. Tofauti na sukari nyeupe ya kiwandani, sukari guru hubaki na glukosi, fruktosi na chumvichumvi za miwa, ambazo huvuta maji kutoka hewani. Mvua za Machi hadi Mei zinapoanza, donge hutoa jasho, hulainika na kuwa jeusi. Kisha huja ukungu na chachu. Harufu ikishakuwa ya pombe, mnunuzi wa chakula hayupo tena. Anayebaki anajulikana, na bei yake pia.

Wapo wanaofurahia mzani ukipanda. Hesabu yake ni hii: kilo 100 zenye maji asilimia 5 zikifikia asilimia 10 huwa kilo 105 na nusu. Hizo 5 na nusu ni maji matupu, na mnunuzi mzoefu huzikata kwenye bei.

Gunia la katani au kiroba cha kusuka peke yake hakizuii hewa. Kinga ya gharama nafuu ni mfuko mzito wa nailoni ndani ya kiroba, uliofungwa barabara. (Marufuku ya Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea, si vifungashio vya chakula.) Hata hivyo, donge likifungwa lingali na moto, mvuke hunaswa ndani na kuozesha mzigo. Lipoe kwanza hadi kiini. Mifuko iliyobeba mbolea haifai kabisa.

Ghalani, mzigo ukae juu ya chaga, mbali na ukuta. Wenye maghala ya bondeni mjini Kilosa wanakumbuka mto Mkondoa ulivyofurika Desemba 2009 na Januari 2010, hata reli ikakatika. Mikumi, kwenye njia panda ya Kidatu, anayeuza mzigo ndani ya wiki hahitaji gharama zote hizo.

Mwenye nia ya kuhifadhi achague mapema. Donge zuri ni gumu, huvunjika kwa mlio na halinati vidoleni. Kwa mzigo wa Ruhembe au Kidodi, aulize miwa ilikaa siku ngapi baada ya kukatwa: iliyochelewa kukamuliwa hutoa sukari guru yenye kunata, na mfuko hautairekebisha.