Je, Wajua? Bastola za Kale na Vikorokoro Vyake

Mkusanyaji mzoefu akionyeshwa bastola ya kale, huuliza kwanza kasha lake liko wapi. Kisha huulizia kalibu ya risasi, chombo cha baruti, ala ya ngozi, bisibisi, hata karatasi ya maelekezo. Vitu hivyo vidogo ndivyo vilivyopotea mapema, na mara nyingi ndivyo vinavyotuambia silaha ilikuwa ya nani, ilitumika vipi na ilipita wapi.

Je, wajua kwamba inajulikana Colt Walker moja tu iliyobaki na kasha lake? Samuel Colt alitengeneza bastola hizi mwaka 1847 kwa jeshi la Marekani lililokuwa vitani Mexico. Zilitoka 1,100 tu: 1,000 za jeshi na 100 za kuuzia raia. Kila moja ina uzito wa kilo mbili hivi, ndiyo maana askari aliitundika kwenye tandiko la farasi badala ya kuivaa kiunoni. Nyingi za jeshini zilichakazwa na vita. Moja ya zile za raia ilinunuliwa New York na nahodha wa meli kutoka Denmark, akarudi nayo kwao. Aprili 2018 ilipigwa mnada Marekani ikiwa ndani ya kasha pamoja na vifaa vyake, ikauzwa kwa dola milioni 1.84.

Je, wajua kwamba Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, alipata silaha za Colt kabla Colt hajatajirika? Mwaka 1840 meli yake, Sultana, ilitia nanga New York ikitokea Zanzibar, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman. Ilikuwa na pembe za ndovu, karafuu, kahawa na tende, pamoja na farasi wa kumtunza Rais Martin Van Buren. Serikali ya Marekani nayo ikatoa zawadi za kumpelekea Seyyid, zikiwemo bunduki na bastola za Colt za kupiga mfululizo, ambazo zilikuwa kitu kipya kabisa duniani. Kiwanda cha kwanza cha Colt, kilichokuwa mjini Paterson, New Jersey, kilifungwa mwaka 1842.

Je, wajua kwamba bastola ya Paterson ilikuja na chombo cha baruti chenye midomo mitano? Silinda yake ina vyumba vitano. Mwenye bastola aliichomoa silinda, akalenga kila mdomo kwenye chumba chake, akajaza vyote vitano kwa mkupuo mmoja. Kasha kamili lilikuwa pia na silinda ya akiba, kalibu, kifaa cha kufungulia, na kisahani cha kupachikia fataki, zile kofia ndogo za shaba zinazowasha baruti. Triga nayo imefichwa ndani ya bastola. Hujitokeza pale tu nyundo inapovutwa nyuma. Anayepata bastola bila chombo hicho cha midomo mitano huweza kukitafuta miaka mingi asikione.

Je, wajua kwa nini bastola za gumegume zilikuwa na kalibu yake pekee? Enzi hizo fundi alitoboa kila mtutu kwa mkono, kwa hiyo tundu la bastola moja halikulingana sawasawa na la nyingine. Fundi aliyetengeneza jozi ya bastola alitengeneza pia kalibu ya kumiminia risasi zinazoingia kwenye mitutu hiyo hiyo. Mkusanyaji huitazama kalibu kwa makini: je, risasi inayotoka humo inaingia mtutuni bila kulegea? Isipoingia, kuna mtu aliyeunganisha vitu vya makasha mawili.

Je, wajua kasha la bastola za duwelo, yaani pambano la watu wawili la kulinda heshima, lilikuwa na nini? Bastola mbili pacha, mdeki wa kushindilia, mdeki wa kusafishia, kalibu, chombo cha baruti chenye kipimo mdomoni, mawe ya gumegume ya akiba, vipande vya kitambaa au ngozi laini, bisibisi na kichupa cha mafuta. Kila kitu kilikatiwa nafasi yake ndani ya kitambaa kizito, mara nyingi cha kijani. Ndani ya kifuniko fundi alibandika karatasi yenye jina na anwani ya duka lake. Karatasi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu maduka yalihama na anwani husaidia kukadiria miaka ya kazi hiyo.

Je, wajua kwamba benki ndiyo inayomiliki bastola zilizotumika kumuua Alexander Hamilton? Tarehe 11 Julai 1804, huko Weehawken, New Jersey, Makamu wa Rais Aaron Burr alimpiga risasi Hamilton, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa kwanza wa Marekani. Bastola zilitengenezwa London na Wogdon na Barton, na zilikuwa mali ya shemeji yake Hamilton. Mwaka 1930 zilinunuliwa na benki iliyotokana na kampuni ya Manhattan, ambayo Burr mwenyewe aliiasisi mwaka 1799. Leo ziko mikononi mwa JPMorgan Chase. Zilipochunguzwa mwaka 1976, ziligundulika kuwa na utaratibu wa siri wa kuifanya triga iwe nyepesi mno.

Je, wajua kwamba bastola za Napoleon ziliuzwa pamoja na pembe yake ya baruti? Aprili 1814, baada ya kushindwa na kulazimika kuachia taji, Napoleon alitaka kujiua kwa bastola hizo. Msaidizi wake mkuu, Caulaincourt, akazitoa baruti. Baadaye Napoleon alimpa bastola hizo, zikabaki kwa wazao wake. Zilitengenezwa Paris na fundi Louis-Marin Gosset, zikanakshiwa kwa dhahabu na fedha. Tarehe 7 Julai 2024 ziliuzwa Fontainebleau kwa euro milioni 1.69, zikiwa na kasha lake, pembe ya baruti na vijiti vya kushindilia. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeshazitangaza hazina ya taifa.

Je, wajua kwamba ala ya Mauser C96 ndiyo pia kitako chake? Bastola hii ya Kijerumani, iliyobuniwa na ndugu wa ukoo wa Feederle katika kiwanda cha Oberndorf, ililala ndani ya ala ya mbao ya mti wa jozi. Ukiitoa na kuipachika ala nyuma ya mshiko, inakuwa bunduki ndogo ya kuegemeza begani. Ala halisi hupigwa namba ile ile ya bastola yake. Ndani ya bastola yenyewe, vyuma hushikana kwa kuingiliana: skurubu ni moja tu, nayo hushika mbao za mshiko. Winston Churchill alikuwa nayo katika vita vya Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898, kwa sababu bega lake bovu halikumruhusu kutumia upanga.

Je, wajua tarakimu 9 nyekundu kwenye mshiko wa Mauser ina maana gani? Mwaka 1916 jeshi la Ujerumani liliagiza C96 150,000 za kutumia risasi za milimita 9, wakati zile za kawaida zilitumia za milimita 7.63. Ili askari asijaze risasi zisizo zake, tarakimu 9 ilichongwa kwenye mbao na kupakwa rangi nyekundu. Jihadhari na rangi inayong'aa kama ya jana.

Je, wajua kwamba Luger, bastola nyingine ya jeshi la Ujerumani, hupigwa namba hadi kwenye vyuma vidogo? Tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola zilipigwa kwenye sehemu nyingi ndogo. Magazini ilipigwa namba kamili kwenye kitako chake, na ile ya akiba ikaongezewa alama ya kujumlisha. Ala ya ngozi ina mfuko wa magazini ya akiba pembeni, na chini ya kifuniko kuna kijifuko cha kifaa kidogo cha kufungulia na kujazia. Bastola yenye magazini zake zote mbili za asili ni nadra, maana askari walibadilishana bila kujali.

Je, wajua rangi ya majani makavu kwenye Luger inatoka wapi? Triga na vyuma vingine vidogo vilipashwa moto hadi vikageuka manjano ya dhahabu, huku mwili wa bastola ukiwa na weusi wa kibuluu. Mnamo 1937 kiwanda cha Mauser kilibadili njia ya kutia rangi na kuachana na manjano hayo. Ukiiona Luger ya mwaka 1940 yenye triga ya manjano, uliza maswali.

Je, wajua kwamba Luger ya mizinga ilikuwa na magazini ya mviringo ya risasi 32? Bastola hii ya mtutu wa milimita 200 ilipewa kitako cha ubao na magazini iliyojikunja kama konokono. Springi yake ni ngumu kiasi kwamba kuijaza kulihitaji kifaa maalumu. Leo kifaa hicho hutafutwa kwa bidii ile ile ya kuitafuta magazini yenyewe.

Je, wajua kwamba kampuni ya cherehani za Singer iliwahi kutengeneza bastola? Cherehani zake ziko kwenye vibaraza vya mafundi kote kwetu. Mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, Singer ilitengeneza bastola 500 tu za aina ya M1911A1 kwa jeshi la Marekani, kisha ikahamishiwa vifaa vya kulengea mizinga. Kwa uchache huo, kila moja sasa huuzwa kwa bei ya nyumba nzuri, na wadanganyifu hujaribu kuigiza muhuri wake.

Je, wajua kwamba kuna bastola ambayo boksi lake la karatasi ni adimu kuliko yenyewe? Ni Liberator ya mwaka 1942. Kitengo cha General Motors mjini Anderson, Indiana, kilitengeneza karibu milioni moja kwa majuma machache, ili ziwafikie wapiganaji wa siri katika nchi zilizokaliwa na adui. Boksi la karatasi lililotiwa nta lilikuwa na bastola, risasi 10, kijiti cha mbao cha kusukumia ganda lililotumika, na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja, ili mtu wa lugha yoyote aelewe. Bastola nyingi ziliharibiwa baada ya vita. Karatasi na vijiti hakuna aliyeona sababu ya kuvitunza.

Je, wajua kwamba FBI iliwahi kuitwa kuthibitisha bastola ya makumbusho? Deringer, bastola ndogo iliyotumika kumpiga risasi Rais Abraham Lincoln tarehe 14 Aprili 1865, ina urefu wa sentimita 15 hivi na iko katika Ford's Theatre, Washington. Palipozuka madai kwamba iliibwa na kuwekwa bandia mahali pake, wataalamu wa FBI mwaka 1997 walilinganisha mistari ya mbao na nyufa zake na picha za zamani. Ilikuwa yenyewe.

Je, wajua kwamba karatasi zinaweza kuishinda dhahabu? Agosti 2021 Colt isiyo na nakshi yoyote iliuzwa Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Ilikuwa ya sherifu Pat Garrett, aliyemuua mhalifu Billy the Kid mwaka 1881, na ushahidi wa maandishi ndio uliothibitisha hivyo. Kampuni ya Colt hadi leo huwaandikia wamiliki barua zinazotokana na vitabu vyake vya zamani, zikitaja tarehe bastola ilipotoka kiwandani na ilikopelekwa.

Je, wajua kwamba ala ya ngozi inaweza kuiua bastola yake? Ngozi hunyonya unyevu, na dawa za kuilainishia hubaki ndani yake. Bastola ikikaa humo miaka mingi, kutu hula chuma. Vihifadhi pamoja, lakini kila kimoja mahali pake. Shika chuma kwa glavu, kwani chumvi ya jasho huacha alama ya kudumu. Wala usiipake rangi mpya: bastola iliyong'arishwa upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na historia iliyofutwa hairudi.

Je, wajua kwamba mishiko ya pembe ya ndovu imefungiwa milango? Tangu mkataba wa CITES ulipomweka tembo wa Afrika kwenye orodha kali zaidi mwaka 1989, biashara ya kimataifa ya pembe ilibanwa. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 2018. Karne ya 19 pembe nyingi za Zanzibar zilikwenda Connecticut, hasa kwa vibonye vya piano, na Connecticut ndiko Colt alikojenga kiwanda chake kikubwa. Sisi tuliobaki na tembo wachache tuna kila sababu ya kuunga mkono vizuizi hivyo.

Je, wajua kwamba bastola ya miaka 200 inaweza kuwa bado imejazwa? Makumbusho hulijua hilo. Mtaalamu huingiza kijiti mtutuni hadi kikwame, hukitia alama, kisha hukilaza nje ya mtutu kupima. Kikiwa kifupi kuliko inavyotakiwa, kuna kitu ndani. Baruti kavu haizeeki upesi. Ukikuta silaha ya babu, usiichezee, waite polisi.

Je, wajua kwamba ukale hauondoi sheria? Marekani huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale na kuilegezea masharti. Usiuchukue utaratibu huo ukadhani ni wa dunia nzima. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kabla ya kununua, kurithi au kusafirisha, uliza kwa maandishi na utunze jibu.

Je, wajua kwamba unaweza kuwa mkusanyaji bila kumiliki bastola hata moja? Vyombo vya baruti vya shaba na pembe vina wapenzi wake, na mwaka 1953 Ray Riling aliviandikia kitabu kizima. Wengine hukusanya kalibu, vibati vya fataki, ala au karatasi za kiwandani. Kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo, kipige picha pande zote, andika kilitoka kwa nani na mwaka gani, na uyaweke maandishi hayo pamoja nacho. Kazi hiyo haihitaji fedha wala leseni, na inafaa ianze wakati wazee wanaokijua wangali hai.