Mpira Mkavu, Chuma Chenye Oili

Buldoza likianza kudondosha oili pale penye sproketi, lile gurudumu lenye meno linalovuta mnyororo, wa kwanza kulaumiwa ni muuza vipuri. Sili ni feki, huambiwa mwenye mashine, na nyingine huagizwa. Feki zipo, hilo halina ubishi. Hata hivyo, sili zilizokufa kabla ya wakati hubaki na alama za kilichoziua, na mara nyingi alama hizo hazielekezi kiwandani. Zinaelekeza kwenye meza ya fundi, saa ile sili ilipokuwa inafungwa, na hasa kwenye oili iliyopakwa mahali palipotakiwa pawe pakavu.

Sili hiyo hukaa kwenye fainali draivu, gia ya mwisho kati ya injini na mnyororo. Gia hiyo hupokea mzunguko wa kasi na kuutoa ukiwa wa polepole wenye nguvu nyingi, makumi machache tu ya mizunguko kwa dakika kwenye buldoza kubwa. Sehemu moja ya kasha lake imefungwa kwenye fremu na haisogei. Ya pili inazunguka pamoja na sproketi. Penye mpaka wa sehemu hizo mbili ndipo pagumu. Ndani kuna oili inayopaswa kubaki, nje kuna tope, mchanga na mawe, na iwe ni mgodini Geita au Kolwezi, mashine hushinda humo kutwa. Oili sili ya kawaida, yenye mdomo wa mpira unaosugua shafti, haidumu katika mazingira hayo, kwa kuwa mchanga hunasa chini ya mdomo na kuchimba mfereji kwenye shafti yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji wa mitambo mizito walihamia kwenye sili ya chuma kwa chuma. Caterpillar ya Marekani huiita Duo-Cone. Wengine huiita sili inayoelea.

Seti moja ina vitu vinne tu: pete mbili za chuma zinazofanana, na mipira miwili ya duara. Pete moja hukaa upande uliosimama, nyingine upande unaozunguka, nazo husuguana uso kwa uso. Nyingi ni za chuma cha kumimina chenye kromiamu nyingi, na ugumu wake hufika 60 au zaidi kwa kipimo cha Rockwell C. Nyuso zake husagwa hadi usawa wake upimwe kwa mistari ya mwanga, na mstari mmoja ni kama sehemu 0.3 ya maikromita. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara 100 ya hapo. Kinachogusana ni ukanda mwembamba unaong'aa karibu na ukingo wa nje. Kuanzia hapo kwenda ndani uso umeinama kidogo sana, ili oili ipenye na kulainisha. Ukanda unapolika husogea taratibu kuelekea ndani, na sili huendelea kuziba. Kwa maneno mengine, chuma kimeundwa kikijua kwamba kitachakaa.

Mpira ndio unaodharauliwa. Wengi huuona kama o-ringi ya kawaida, kumbe una kazi tatu kwa mpigo: kuziba nafasi kati ya pete na kasha, kuzikandamiza pete kwa nguvu ileile mduara mzima, na kuishika kila pete isizunguke ndani ya kiti chake. Kazi hizi mbili za mwisho zinategemea msuguano. Mpira hukaa kati ya miteremko miwili, mmoja wa pete na mmoja wa kasha, na pande mbili za kasha zinapokaribiana unatakiwa ubingirike na kujibana sawasawa. Ukipakwa oili, haubingiriki tena; unateleza. Tena hautelezi kwa usawa. Kipande kimoja hupanda, kingine hubaki nyuma, kingine hujisokota, na pete hukaa mshazari. Upande mmoja hukandamizwa kupita kiasi mpaka nyuso zinachubuana, na upande wa pili huacha mwanya.

Hayo yote husomeka kwenye pete iliyofunguliwa. Iliyokaa sawa huonyesha ukanda wenye upana uleule mduara mzima. Iliyokaa mshazari huwa na ukanda mpana huku na mwembamba kule, na mpira wake huwa umevimba kipande, umekatwa, au una alama za kujisokota. Pete iliyozunguka ndani ya mpira huacha mng'aro kwenye mteremko wake, mahali ambapo hapakutakiwa kusuguliwa na chochote. Chuma hafifu huonekana tofauti: hulika upesi, lakini hulika pande zote.

Kinachosikitisha ni kwamba kosa hili hutokana na mazoea mazuri. Fundi aliyelelewa kwenye oili sili amefundishwa kuupaka mdomo wa mpira oili kabla ya kuufunga, na huko yuko sahihi. Kisha kuna dizeli, sabuni ya kila gereji. Kasha likisuguliwa kwa dizeli hung'aa likaonekana safi, lakini hubaki na utando wa mafuta kwenye mteremko uleule unaopaswa kuushika mpira. Wapo pia wanaoweka grisi ili mpira usidondoke, au gundi ya silikoni ili wajihakikishie. Gundi ikikauka huufunga mpira usibingirike, yaani inaua kazi iliyokusudiwa kuisaidia.

Fundi mzoefu atasema amepaka oili miaka yote na mashine zinatembea. Huenda ni kweli, kwani mpira wenye oili huweza kukaa vizuri kwa bahati. Lakini sili hii haifi siku inapofungwa. Huanza kutoa unyevu baada ya muda, mashine ikiwa mbali, na kufikia hapo lawama zimeshaangukia tope au duka. Wengine watasema kwamba vitabu vya baadhi ya watengenezaji vinaruhusu kulowanisha mpira wakati wa kuufunga. Vinaruhusu, ila kwa kimiminika kinachoruka na kuisha, kama spiriti, na fundi anatakiwa asubiri kikauke. Ruhusa hiyo inathibitisha kwamba mpira unapaswa kufanya kazi ukiwa mkavu. Hoja nzito kuliko zote ni ya mazingira: porini, chini ya turubai, vumbi likipepea, usafi wa kiwandani utatoka wapi? Hautatoka, wala hauhitajiki. Kinachohitajika ni mikono safi, spiriti, kitambaa kisichoacha nyuzi, na pete kubaki ndani ya pakiti yake mpaka dakika ya kufungwa.

Baada ya kusafisha, kila nusu ya seti, yaani pete na mpira wake, husukumwa kwenye kiti chake kwa mkupuo mmoja, ikiwa imenyooka, kwa kutumia kifaa cha duara. Bisibisi haifai, wala nyundo, kwa sababu chuma hiki kigumu huvunjika kama kauri. Kifaa hicho kinaweza hata kuchongwa na fundi wa mashine ya lathe. Kisha hupimwa kimo cha pete kutoka kwenye kasha katika sehemu nne za mduara, na tofauti isizidi milimita 1. Hapo ndipo oili inapopata nafasi yake: utando mwembamba kwenye nyuso zinazong'aa, bila tone kugusa mpira. Pande mbili za kasha hukutanishwa polepole, zikiwa zimelingana, bila kugonganishwa.

Mwenye mashine hahitaji kuyajua yote haya kwa undani. Kabla kasha halijafungwa, amwombe fundi vipimo vile vinne, na aguse mpira kwa kidole kikavu. Kidole kikitoka na mafuta, kazi irudiwe hapohapo, wakati gharama yake ni spiriti na nusu saa. Tope likishaingia, atakachonunua ni beringi na gia.