Buibui Wetu Katika Vikopo vya Wageni

Mfugaji wa tarantula wa Ujerumani hulipia umeme ili chumba cha buibui wake kibaki na joto la nyuzi 25 hivi hata theluji ikianguka nje. Mkazi wa Nyakato, Musoma, hupata joto hilo bure. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake mengi huzuia hali ya hewa ya ukingoni isichemke mno wala kupoa mno. Ingekuwa ni hali ya hewa tu, basi Mara yote ingekuwa na wafugaji hodari wa buibui. Lakini huku kwetu buibui mkubwa mwenye manyoya akitokea uani hupokewa kwa kandambili, jembe au sufuria ya maji ya moto, wakati ndugu zake wanalelewa Ulaya na Marekani kwa uangalifu ambao kuku wetu hawaupati.

Anayependwa sana huko ni yule ambaye wanasayansi wanamwita Pterinochilus murinus. Mwingereza Reginald Pocock ndiye aliyemwandika rasmi mwaka 1897. Anapatikana Afrika Mashariki, na kushuka hadi kusini mwa bara. Wapo wa kijivu na wa hudhurungi, lakini waliompa umaarufu ni wale wa rangi ya chungwa lililoiva, ambao wafugaji wa dunia nzima huwaita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Ndivyo ilivyo: kijana wa Ohio ambaye hawezi kuionyesha Tanga kwenye ramani anaweza kukueleza "Usambara" wake anakula nini na hujivua gamba baada ya muda gani.

Na kweli anajua. Hilo ndilo linalonisumbua. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana juu ya makuzi ya buibui huyu haikutoka kwenye mashimo yake ya nyikani. Imetoka mezani, kwenye vikopo vya plastiki.

Malezi huanza kwenye kifuko cha mayai, ambacho mama hukifuma kwa utando na kukilinda kwa ukali. Watoto wakitoka huwa bado hawawezi kula. Huishi kwa kiini cha yai walichobaki nacho tumboni mpaka wajivue gamba tena. Wakishapata nguvu ya kuwinda, undugu unakwisha, ndiyo maana mfugaji humtenga kila mmoja katika kikopo chake. Mwili wake wakati huo ni wa milimita chache tu. Humwekea udongo mkavu wa kutosha kuchimba, kipande cha gome la mti, na vitundu vya hewa vilivyotobolewa kwa sindano ya moto. Kona moja ya udongo huloweshwa kidogo, basi. Wanaoanza hudhani mtoto anahitaji unyevunyevu mwingi, wakaufanya udongo kuwa tope na kufunika kikopo kisipitishe hewa. Wengi hufa hivyo. Huyu ni mtoto wa nchi yenye kiangazi. Hewa iliyotuama humwua upesi kuliko kiu.

Chakula hakisumbui. Paja la nyenje aliyeuawa linatosha, kwani watoto wa tarantula hula mizoga bila kinyongo. Akikua kidogo hupewa nyenje mzima au mende mdogo aliyezalishwa ndani. Mende wa jikoni asipewe, maana huenda amekwisha kupita kwenye dawa, na dawa ya kupuliza mbu haimbagui buibui. Hatafuni: humimina vimeng'enya juu ya windo, nyama ikayeyuka, kisha akanyonya mchuzi. Macho anayo manane lakini haoni vizuri. Hutegemea mtikisiko unaopita ardhini na kwenye utando. Utando wenyewe huutandaza kila mahali, na baada ya wiki chache kikopo kinajaa mahandaki meupe na mwenyewe haonekani.

Siku moja atakataa chakula. Tumbo litakuwa limetuna, linang'aa, limekuwa jeusi. Hapo wafugaji wapya huanza kuhangaika, na kesho yake wanamkuta amelala chali, miguu juu. Wangapi wametupwa jalalani wakiwa hai! Tarantula aliyelala chali kwa kawaida anajivua gamba. Aliyekufa huwa ameikunja miguu chini ya tumbo, na sababu yake ni ya kifizikia: katika viungo viwili vikubwa vya kila mguu wa buibui hamna msuli wa kunyoosha. Msuli hukunja tu. Kunyoosha ni kazi ya shinikizo la damu inayosukumwa kwenda mguuni, kama maji yanavyokakamaza mpira wa bustani. Uhai ukikatika shinikizo hushuka, na miguu hujikunja yenyewe. Ndiyo sababu pia akianguka kutoka juu na tumbo likapasuka huwa hana maisha: akipoteza maji ya mwili anapoteza na miguu.

Kujivua kwenyewe kunakwenda ndani kuliko tunavyodhani. Pamoja na ngozi ya nje, hutoka bitana la mapafu yake manne, la kinywa na la tumbo la kunyonyea. Hata mguu uliokatika huanza kuota upya, ukiwa mwembamba mwanzoni. Meno ya sumu hutoka meupe na laini. Yanageuka mekundu, kisha meusi. Kabla hayajawa meusi asipewe windo, na nyenje hai asiachwe ndani hata kidogo, maana mwindwa anaweza kumtafuna mwindaji aliye laini. Gamba lililovuliwa halitupwi. Hulowekwa likalainika, likafunuliwa kwa kibano, na kwa ndani, kati ya mapafu ya mbele, kama kuna vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume basi ni jike. Jike ataendelea kujivua maisha yake yote na anaweza kupita miaka 10. Dume hukomaa mapema, huenda kutafuta wenzi, na mara nyingi hamalizi mwaka mwingine.

Si mnyama wa kushikwa. Tarantula wengi wa Amerika hujikinga kwa kurusha manyoya yanayowasha. Wa Afrika hawana silaha hiyo, kwa hiyo hutegemea mbio na meno. Meno ya huyu wa Usambara huleta maumivu makali na misuli kukaza, pengine kwa siku kadhaa, ingawa hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa. Wafugaji wenyewe humshauri anayeanza achague aina nyingine.

Je, mtu wa Nyakato achimbe shimo amtoe mmoja akamfuge? Nasema hapana. Mwaka 2016 Serikali, kupitia Jumanne Maghembe aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Huyu wa Usambara wala hahitaji tena kuibwa, maana huko nje anazaliana tele. Lakini soko la viumbe wadogo halijalala. Aprili 2025, huko Naivasha, Kenya, vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa na malkia wapatao 5,000 wa sisimizi wavunaji, wamewekwa kwenye vijichupa vyenye pamba. Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Anayechimbua jike wa tarantula anaondoa miaka mingi ya uzazi kwa mpigo mmoja wa jembe.

Kuna njia nyingine ya kuwalea buibui, na imefanyika kwenye ziwa hilihili. Mbita, ng'ambo ya Kenya, kipo kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Huko Robert Jackson wa New Zealand na wenzake walimzalisha na kumlea maabarani buibui mdogo mrukaji anayeishi kwenye kuta na majani karibu na nyumba za watu: Evarcha culicivora, aliyepewa jina mwaka 2003. Mwaka 2005, Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walionyesha kwamba kati ya wadudu wote wanaomzunguka, hata wale vijidudu wa ziwani wanaopanda angani kwa mawingu, yeye humchagua mbu jike aliyekwisha kunyonya damu. Watoto wake ni wadogo kuliko mbu, lakini wanamweza Anopheles, mbu wa malaria. Mbu huyo akitua huinua sehemu ya nyuma juu. Mtoto wa buibui huzunguka kwa nyuma, akaingia chini ya tumbo lililoinuliwa, na kumkamata kutokea huko.