Mpira Mzito Hujenga Mikono Yenye Nguvu na Kasi

Katika kambi nyingi, askari mwenye kifua kipana na mikono minene huhesabiwa kuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wenzake. Lakini kazi ya ulinzi haimpimi mtu kwa unene wa mkono. Humpima pale anapotakiwa kumvuta mwenzake juu ya ukuta, kumsukuma mtu anayemkaba koo, au kulitia bega gari lililokwama matopeni. Mambo hayo huamuliwa kwa sekunde chache, na nguvu inayochelewa ni sawa na maji yaliyofika baada ya nyumba kuteketea.

Mfano mzuri watoka katika jeshi la polisi la Kenya. Mwaka 2015, mjini Beijing, polisi Julius Yego alirusha mkuki umbali wa mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akapata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800 tu, yaani haufiki hata kilo moja ya sukari. Kitu chepesi kiasi hicho hakiendi mbali kwa sababu mrushaji anaweza kubeba gunia. Huenda mbali kwa sababu miguu, kiuno, kifua na mkono vimetoa nguvu zao kwa kufuatana, katika muda mfupi mno. Hiyo ndiyo nguvu ya ghafla, nayo hufunzwa.

Chombo kimoja kinachotumiwa sana na warusha mkuki na mabondia kuifunza nguvu hiyo ni mpira mzito wa mazoezi, ambao Waingereza huuita "mpira wa dawa". Ni mpira wa ngozi au raba uliojazwa ndani, wenye uzito wa kilo 1 hadi 5 na hata zaidi.

Faida yake yaonekana ukilinganishwa na chuma. Mtu aliyelala chali akisukuma chuma juu hawezi kukiachia hewani. Kwa hiyo, kabla mikono haijanyooka, misuli huanza kukizuia ili kisimame. Mpira huachiwa, na mikono huendelea kuongeza kasi mpaka vidole vinapouacha. Tena, mpira unaodakwa kifuani huinyoosha misuli kwa ghafla, nayo hurudi kwa nguvu zaidi, mithili ya manati iliyovutwa.

Mazoezi manne yatosha kwa anayeanza:

1. Kusukuma kutoka kifuani. Watu wawili husimama wakitazamana, hatua nne kati yao. Mmoja huusukuma mpira kwa mikono miwili, mwenzake huudaka na kuurudisha mara moja.

2. Kurusha kwa kukaa. Mtu hukaa chini, mgongo ukigusa ukuta, miguu imenyooshwa, kisha huusukuma mpira mbele kwa nguvu zote. Hapa miguu haisaidii. Kifua na mikono hufanya kazi yote.

3. Kurusha kutoka juu ya kichwa, kama mchezaji wa kandanda anayerusha mpira wa pembeni.

4. Kurusha kwa ubavu. Mtu husimama ubavu kwa ukuta imara, hugeuza kiuno, kisha huurusha mpira ukutani. Nguvu ianzie miguuni, mikono ifuate.

Kila zoezi lifanywe mara 5 hadi 8, kisha mtu apumzike dakika mbili, na kurudia hadi mizunguko mitatu. Siku mbili kwa juma zatosha, zikiachana kwa siku mbili au tatu.

Kosa kubwa hapa ni majivuno. Vijana wengi huchagua mpira wa kilo 10 ili waonekane mashujaa, kumbe mpira unaokwenda polepole haufunzi kasi. Jeshi la Uingereza huwapima wanaotaka kujiunga kwa mpira wa kilo 4, wakiwa wamekaa. Jeshi la nchi kavu la Marekani, katika jaribio lililotumika rasmi kuanzia 2022 hadi 2025, lilitumia mpira wa kilo 4 na nusu. Wanawake na wanaoanza wachague kilo 2 au 3; wanaume waliozoea, kilo 3 hadi 5.

Kosa la pili ni kuufanya mpira kuwa adhabu. Mkufunzi anayewarushisha askari mpaka waishiwe nguvu huwafunza uchovu, na huyahatarisha mabega yao. Bega likiumia, askari hushindwa kushika bunduki barabara, na nyumbani hushindwa hata kumbeba mwanawe. Umbali wa mpira ukianza kupungua, zoezi likome. Kabla ya kurusha, mwili upashwe moto kwa dakika kumi. Mwenye shinikizo la damu, ngiri au maumivu ya bega, na mama aliyejifungua karibuni, amwone daktari kwanza.

Asiye na fedha za kununua mpira aweza kuutengeneza. Mpira wa zamani wa kandanda hupasuliwa kidogo na kutolewa kibofu. Mchanga mkavu kiasi cha lita moja na nusu hufungwa katika mifuko miwili ya plastiki, huwekwa katikati, na matambara hushindiliwa pande zote. Fundi viatu hushona tundu kwa uzi wake. Mpira upimwe kwa mizani ya dukani. Utakaribia kilo 3. Usibamizwe chini kwa nguvu, maana utapasuka.

Mchezo huu haukuwa wa vijana peke yao. Herbert Hoover, Rais wa Marekani kati ya 1929 na 1933, aliucheza asubuhi na marafiki zake, wakirushiana mpira wa kilo tatu kasoro juu ya wavu, katika mchezo uliobuniwa na daktari wake, Joel Boone, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini.

Basi siku ya kwanza, baba, mama na vijana wao wakubwa warushe kwa kukaa, na kila mmoja aandike umbali wake daftarini. Baada ya majuma sita wapime tena kwa mpira ule ule. Futi haijui nani ni sajini na nani ni kuruta. Itasema kweli ni nani aliyefanya mazoezi.