Mpima ardhi aliyekikuta kimondo

Oktoba 1930, mpima ardhi kutoka Johannesburg aitwaye W. H. Nott alikikuta kimondo cha Mbozi kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Tangu hapo vitabu vimemwandika yeye kuwa mgunduzi. Lakini bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16 halijifichi kichakani, na Wanyiha waliishi jirani nalo vizazi na vizazi. Nott aliwazidi kitu kimoja tu: alikuwa na mahali pa kupeleka taarifa.

Anayefuatilia historia ya wapima wa kikoloni wa Nyanda za Juu Kusini atayakuta hayohayo kwenye ardhi. Amri ya Kaiser ya Novemba 26, 1895 iliifanya ardhi isiyothibitika kuwa na mwenyewe kuwa mali ya dola ya Ujerumani. Na uthibitisho ulitoka wapi? Mlowezi wa Iringa alipimiwa shamba, akachorewa ramani, akapewa hati. Mkulima aliyerithi shamba kwa babu yake alikuwa na mti wa mpaka, kijito na majirani wa kumshuhudia. Waingereza walipokuja na Sheria ya Ardhi ya 1923, wakaiweka ardhi yote chini ya Gavana, na hati ya hadi miaka 99 ikabaki kwa aliyepimiwa.

Mpaka wa Tunduma ni kichekesho kikubwa zaidi, japo hauchekeshi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890 uliutaja Mto Songwe, kisha ukaruka kwa nyuzi za longitudo hadi Mto Kilambo, unaoingia Ziwa Tanganyika. Waliotia saini walikuwa Berlin. Miaka 8 ilipita kabla ya tume ya pamoja kuja kuutafuta mstari huo ardhini: Close kwa upande wa Uingereza, Herrmann, Glauning na mwanaastronomia Kohlschütter kwa upande wa Ujerumani. Walipima kwa kutazama nyota, wakasimamisha alama, na mwaka 1901 serikali mbili zikakubaliana. Wanyamwanga wakajikuta wamegawanywa, wengine upande wa Tunduma, wengine ng'ambo, upande wa Nakonde, katika Zambia ya leo.

Majina ya maofisa hao hayana shida kupatikana. Close alikuja kuwa mkuu wa upimaji wa ramani nchini Uingereza. Tatizo ni waliobeba vyombo, waliofyeka njia ya kuonea, waliovuta mnyororo na kuwasha moto kileleni. Bila wao theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, isingepanda mlima hata mmoja. Mtafiti akiridhika na ramani na ripoti atapata nusu ya kazi; nusu nyingine iko kwenye vitabu vya malipo, kumbukumbu za misheni na midomo ya wazee, ambao hawatungojei.

Baada ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Mbozi iliteuliwa kuwa wilaya ya majaribio ya hati za hakimiliki za kimila. Safari hii upimaji ulianzia kijijini: mwenye shamba anautembea mpaka wake pamoja na majirani, wanakubaliana, kisha wanatia saini. Ushahidi wa jirani, ambao mpima wa kikoloni hakuwa na safu ya kuuandika, sasa umo ndani ya fomu yenyewe.