Kishikwambi, ubao na mwalimu: ni nani afundishaye?

Siku hizi kila walipo walimu watatu hapakosi mazungumzo ya vyombo vipya vya kufundishia. Huyu asifu kishikwambi, yule asifu projekta, na wa tatu asema apewe chaki za kutosha kwanza, mengine yatafuata. Mimi si mwalimu wa skuli. Kazi yangu ni kalamu na tungo. Lakini nilitiwa chuoni kabla sijatiwa skuli, na neno hili lanihusu kama limhusuvyo kila mzazi wa pwani ambaye mwanawe ashinda skuli mchana, na jioni yumo madrasani.

Kwanza tusijidanganye kwamba ufundi wa kufundisha umeletwa juzi. Wazee wetu walisoma kwa ubao wa mti, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Sisi tuliokuja baadaye tulikuta juzuu zilizopigwa chapa. Chuoni hapakuwa na darasa la kwanza wala la pili. Watoto thelathini walikaa mkekani, kila mmoja na mahali pake: huyu yu katika alifu kwa kijiti, yule yumo katika Amma, mwenzao akaribia kuhitimu. Mwalimu alimsikiliza kila mmoja peke yake, na asiyejua hakuvushwa mpaka ajue. Wakubwa waliwasomesha wadogo. Leo wataalamu watwambia kwamba kila mtoto afundishwe kwa kadiri ya mwendo wake, na kwamba watoto wafundishane. Ni maneno ya kweli, na wala si mageni kwetu.

Sisemi kwamba chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwa nyingi, na wengi wetu tulihitimu pasi na kujua maana ya tulichokisoma. Ndiyo maana watu wetu wenyewe waliona haja ya kutengeneza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa 1932, na katika kurasa zake aliwahimiza Waislamu wawasomeshe watoto elimu ya dunia pamoja na ya dini, wala wasidhani kwamba moja yaifukuza nyingine. Alitumia chombo kipya cha zama zake, yaani gazeti, kwa jambo la zamani.

Mfano wa pili ni wa miaka ya 1980. Viongozi wa Kiislamu wa pwani waliona kwamba watoto wao hawafui dafu wanapoingia darasa la kwanza, kwa kuwa wenzao wa kwingine wamepitia skuli za chekechea. Wakaupeleka wasiwasi wao kwa Aga Khan, na Mombasa pakazaliwa mpango wa madrasa za watoto wadogo, ambao baadaye ulivuka ukafika Zanzibar na Uganda. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa papo hapo mtaani na vijijini, waliopewa mafunzo. Watoto walifundishwa kuhesabu kwa simbi, vifuu vya nazi na vifuniko vya chupa. Walicheza duka, wakauza na kununua, wakaimba kwa Kiswahili na wakajifunza dua zao mahali pamoja. Hapakuhitajika stima wala kompyuta. Kilichohitajika ni mwalimu aliyefundishwa, na wazazi walioiona kazi ile kuwa yao.

Nimeyaleta haya kwa sababu ya mazungumzo niliyoyasikiliza hapa Mombasa hivi karibuni. Walimu wanne walikaa barazani baada ya alasiri, wakajadiliana juu ya vyombo hivi mpaka adhana ya magharibi ikawatenganisha.

Aliyeanza ni mwalimu wa kike afundishaye skuli ya msingi upande wa Kwale. Alikumbusha kwamba Serikali iliahidi kompyuta 2013, na kwamba vishikwambi vyenyewe vikaanza kugawiwa 2016 kwa ajili ya darasa la kwanza. Kwa jumla vilizidi milioni moja, katika skuli zaidi ya elfu ishirini nchini. "Vyetu vilifika vizuri, sanduku juu ya sanduku," alisema. "Lakini tuliingiwa na hofu kwamba kikipotea kimoja tutalipa. Basi vikatiwa kabatini, kabati likapigwa kufuli, na watoto wakawa wanaviona siku ya mgeni."

Mwalimu kijana wa Kiswahili, wa sekondari, hakukubali. "Dada yangu, chombo hakina kosa," alimjibu. "Darasani kwangu mna watoto sitini na vitabu ishirini. Kwa projekta moja, wote sitini wauona ukurasa mmoja." Kisha akaeleza jambo lililonigusa mno. Hati za mkono za msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha miaka michache baada ya 2010, kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na leo picha hizo zaweza kutazamwa kwa intaneti. Mwalimu huyu aliwaonyesha wanafunzi wake kurasa hizo, wino mweusi na mwekundu, na maelezo yaliyoandikwa pembeni. Mtoto mmoja akauliza, "Kumbe babu zetu walikuwa wakiandika?"

Msomaji, litafakari swali hilo. Mtoto wa pwani, aliyezaliwa pwani, amefika sekondari akidhani kwamba maandishi yalikuja na skuli. Ikiwa projekta imemtoa katika dhana hiyo kwa saa moja, mimi siwezi kuibeza projekta.

Wa tatu alikuwa ustadhi wa madrasa. Alisema wanafunzi wake husikiliza kisomo cha mabingwa wa Misri na Hijazi kwa simu, na sauti zao zimekuwa nzuri kweli kweli. "Simu yasoma vizuri kuliko mimi," alisema, nasi tukacheka. "Lakini mtoto akikosea herufi, yeye huendelea na kosa lake, na simu yaendelea na yake. Mimi ndiye nimsimamishaye."

Wa nne, mwalimu mkuu mstaafu, alitukumbusha mwaka 2020. Skuli zilifungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2021. Masomo yakatangazwa kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. "Mwenye intaneti alisoma kwa intaneti," alisema mzee. "Huku kwetu mashambani, aliyepata kitu alikipata kwa redio, chombo tulichofundishia sisi tangu ujana wetu. Na asiyekuwa na redio alikaa tu." Kwa hivyo, alisema, kila kitu kipya kikisifiwa mbele yetu, tuulize kwanza nani atakikosa.

Hapo mazungumzo yakaingia katika hii iitwayo akili mnemba. Mwanafunzi aweza leo kuiambia simu imtungie insha, au hata shairi, na kabla hajamaliza chai yake kazi iko tayari. Nimeziona tungo hizo. Nyingine hazina mizani, na nyingine zina mizani lakini hazina neno. Hata hivyo mwalimu mwenye madaftari sitini ya kusahihisha usiku mmoja hatakuwa na wakati wa kuzichambua. Itakuwaje basi?

Yule kijana alisema kwamba yeye haipi alama insha mpaka mwenyewe amesimama akaisoma, na akaulizwa: neno hili umelitia kwa nini? Ubeti huu wamaanisha nini? Aliyetunga hujibu, hata kama atababaika. Aliyetungiwa hunyamaza. Ustadhi akapiga paja akasema, "Maalim, hiyo ndiyo kazi ya chuoni! Mtoto kusikilizwa kwa mdomo wake." Na ni kweli. Dawa ya chombo kipya kabisa imeokotwa mkekani.

Mtaala wa umilisi, ulioanza katika darasa za chini 2019, na ambao kwa ajili yake KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, wataka mtoto ajue kutenda na si kukariri tu, na wataka azijue kompyuta. Sina ugomvi na makusudio hayo. Ninalolihofia ni kwamba mtoto wa mjini mwenye vyombo nyumbani atatangulia, na yule wa Kwale, Tana River au visiwa vya Lamu atabaki akitazama kufuli ya kabati.

Kwa hivyo nina mambo matatu ya kuwaomba wahusika. La kwanza, mwalimu afundishwe chombo kabla ya mtoto kupewa, na aondolewe hofu ya kulipa kitakapoharibika kwa matumizi ya halali. La pili, vinavyotiwa ndani ya vyombo hivyo viwe na sisi pia: tenzi zetu, hati zetu, bahari yetu na vyombo vyake, kwa Kiswahili kilicho sawa. La tatu lawahusu wazazi na wakuu wa madrasa. Tusingoje kila kitu kije kwa lori kutoka Nairobi. Wale akina mama wa miaka ya 1980 walianza na vifuu.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa tungo, naomba niwaachie walimu ubeti mmoja:

Kishikwambi mkononi, si elimu kukishika,
Chakufaani nyumbani, kama hukuelimika?
Mwalimu mpe thamani, apate kuheshimika,
Chombo kisicho nahodha, mwambani kitapasuka.